Kina mama waliokoma hedhi waambiwe wapate pumzi, sio wapungue kilo

Mama wa miaka 50 na kitu akishauriwa kufanya mazoezi hapa kwetu, sababu anayopewa karibu kila mara ni ile ile, mama umenenepa, kitambi kimetoka, jitahidi upungue. Nesi anamwambia ivo, binti yake anamwambia ivo, akienda jimu swali la kwanza anaulizwa unataka kutoa kilo ngapi. Mi naona hapa ndo tunapoharibu. Huyu mama hedhi imeshakata, moyo na mishipa yake imeingia kipindi kigumu kuliko vyote alivyopita, na kile ambacho mazoezi yanaweza kumfanyia kwa uhakika sio kushusha kilo, ni kumuongezea pumzi na kuupa moyo uwezo wa kubeba mzigo wa kila siku. Sasa akifanya miezi miwili, anapanda kwenye mizani anakuta namba haijasogea, anaacha, anasema mazoezi hayanikubali. Na kumbe yalikuwa yanamkubali vizuri tu, ila tulimpa kipimo kisicho chake.

Nianze na mwili wenyewe kwasababu habari za kukoma hedhi tunazijua juu juu. Tunajua joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi kukata saa nane, hasira zisizo na sababu. Hayo yanaonekana na yanasumbua kwaiyo yanaongelewa. Ya moyo hayaonekani. Wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na homoni ya estrojeni inashuka sana. Hii estrojeni watu wanadhani kazi yake ni uzazi tu, kumbe ilikuwa inafanya kazi kwenye mishipa ya damu miaka yote hiyo, inausaidia ukuta wa ndani wa mshipa kutoa gesi ya naitriki oksaidi ambayo ndo inaufanya mshipa utanuke pale damu inapohitaji kupita kwa wingi. Ikishuka, mshipa unaanza kukakamaa, kama ule mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani mwaka mzima. Mafuta nayo yanahama, yale yaliyokuwa yanakaa kwenye hipsi na mapaja yanaanza kukaa tumboni, ndani kabisa kuzunguka ini na utumbo, na hayo ya ndani ndo mabaya kwa sukari na kwa moyo.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa SWAN, ulianza 1996, waliwachukua wanawake zaidi ya 3,000 wa miaka ya arobaini mpaka hamsini na kidogo, wa rangi na asili tofauti, wakiwa hawajakoma hedhi, wakawafuata mwaka hadi mwaka wakiwapima. Walichokiona ni kwamba kolestro mbaya, ile LDL, inaruka ghafla ndani ya mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Yaani sio kitu kinachopanda taratibu na umri, ni ngazi, unaamka uko juu. Presha nayo inapanda, hapo umri unachangia sana. Mwaka 2020 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kabisa kwamba kipindi hiki cha kuelekea kukoma hedhi ndo muda wa kuanza kuulinda moyo, sio kusubiri mpaka mtu afike 65 aanze kulalamika kifua. Na waliokoma mapema, chini ya miaka 45, au waliotolewa ovari zote mbili wakati wa operesheni ya kizazi, hao hatari yao iko juu zaidi na wengi hawajawahi kuambiwa.

Alafu sisi tunaogopa vitu vingine. Mwezi wa Oktoba kila kona riboni za pinki, saratani ya matiti, na ni sawa kabisa iongelewe, lakini mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yalichukua karibu asilimia 35 ya vifo vyote vya wanawake duniani. Hakuna ugonjwa mwingine unaokaribia hapo. Ukimuuliza mama wa kawaida ugonjwa wa moyo ni wa nani atakwambia wa wababa wenye vitambi na mawazo ya madeni. Sio kosa lake, hata wanasayansi walianza na wanaume. Utafiti ambao ndo unahesabika kama mwanzo wa elimu yote ya mazoezi na moyo ni wa Jeremy Morris wa Uingereza, ulitoka 1953, alilinganisha madereva na makondakta wa yale mabasi ya ghorofa ya London. Dereva kakaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi, na makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva na hata walioupata haukuwa mkali vile. Utafiti mzuri sana, ila wote waliohesabiwa ni wanaume. Ilibidi isubiriwe mpaka 1991, Bernadine Healy akiwa mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi kuu ya tafiti za afya ya Marekani, ndo ukaanzishwa mradi wa wanawake waliokoma hedhi pekee, Women's Health Initiative, wanawake zaidi ya 160,000 wa miaka 50 mpaka 79.

Huo mradi wengi wanaukumbuka kwa jambo moja, homoni. Julai 2002 walisimamisha sehemu ya majaribio ya vidonge vya estrojeni na projestini kwasababu waliokuwa wanavimeza walipata mashambulio ya moyo, kiharusi na saratani ya matiti zaidi ya waliopewa vidonge hewa visivyo na dawa ndani. Toka hapo mjadala wa homoni umeendelea, nani zinamfaa, aanze na umri gani, na kwa mtu anayeteswa na joto ni mazungumzo halali kabisa kati yake na daktari wake. Ila kama dawa ya kuukinga moyo, hiyo ndoto iliishia pale.

Mwaka huo huo wa 2002 mradi huo huo ukatoa kitu kingine ambacho hakikupigiwa kelele hata robo. Waliwaangalia wanawake 73,743 wakauliza, anayetembea tu kwa miguu na anayefanya mazoezi makali, nani moyo wake unapona zaidi? Jibu, karibu sawa. Waliotembea kwa mwendo wa haraka au kufanya mazoezi makali angalau masaa mawili na nusu kwa wiki, hatari yao ya magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa chini kwa kama asilimia 30. Masaa mawili na nusu, yaani nusu saa siku tano. Alafu wakaongeza kwamba kukaa chini masaa mengi kuna madhara yake. Hiyo habari ilitakiwa iandikwe kwenye kuta za kila zahanati, haina gharama, haihitaji mashine, haihitaji hata kujua kusoma.

Sasa nije kwenye utafiti ambao ndo umenifanya niandike hii makala, unaitwa DREW, ulifanyika Dallas, Texas kwenye taasisi ya Cooper, matokeo yakatoka 2007. Walichukua wanawake 464 waliokoma hedhi, wanene, wasiofanya mazoezi kabisa, presha zao zikiwa zimeanza kupanda. Ukiwaangalia hawa ndo mama zetu hasa, ndo shangazi zetu. Wakawagawa, kundi moja waendelee na maisha yao, mengine matatu wafanye mazoezi ya mashine ya kutembelea na baiskeli kwa miezi sita kwa viwango tofauti, na sio makali, nguvu ya wastani tu. La chini walifanya kama dakika 72 kwa wiki, la kati 136, la juu 192. Walipopima uwezo wa mwili kuvuta na kutumia oksijeni, ule uwezo ambao ndo pumzi yenyewe, wa dakika 72 walipanda asilimia 4.2 ukilinganisha na wasiofanya, wa kati 6, wa juu 8.2. Dakika 72 kwa wiki ni kama dakika 10 kwa siku! Nusu ya kile kinachopendekezwa, na bado mwili uliitikia.

Na kilo je? Kilo hazikutofautiana cha maana kati ya makundi. Viuno vilipungua kidogo, nguo zikalegea, lakini mizani ikabaki pale pale. Presha pia haikushuka cha kuhesabika. Hapo ndo nataka tukae kidogo.

Chukua yule mama wa kundi la kati. Miezi sita, mara tatu au nne kwa wiki, anasimamiwa na wataalamu, hakosi. Mwisho wa siku kwenye mizani hana cha kuonyesha. Angekuwa Tabata au Mbagala angeshaacha wiki ya sita, na mtaa mzima ungemwambia achana nayo mama, kunywa ndimu na maji ya moto. Lakini moyo wake ulikuwa umeongezeka nguvu, na pumzi ni moja ya vitu vinavyotabiri vizuri sana nani ataishi muda mrefu na nani hapana, kwa mnene na kwa mwembamba. Kwaiyo kama lengo lake lingekuwa pumzi, angejiona mshindi. Kwa vile lengo lilikuwa kilo, anajiona ameshindwa. Mwili ule ule, jasho lile lile.

Sisemi uzito hauna maana, unayo, hasa hayo mafuta ya tumboni, na magoti yanayobeba kilo 95 yatakwambia yenyewe. Ila uzito unaamuliwa zaidi na chakula, na baada ya kukoma hedhi mwili unashikilia mafuta kwa ubishi ambao mazoezi peke yake hayauvunji. Ukichanganya mambo mawili ukamwambia mama akimbie ili apungue, ukweli ni kwamba unamuahidi kitu ambacho huenda asikipate, ili afanye kitu ambacho faida yake halisi hujamwambia. Mi naona hiyo sio haki.

Sasa hiyo pumzi inapimwaje mtaani bila maabara ya Dallas? Inapimwa vizuri tu. Kuna ngazi za ghorofa ya pili pale ofisini au daraja la waenda kwa miguu pale stendi, unapanda bila kusimama katikati? Ukifika juu unaweza kuongea sentensi nzima au unakata kata? Andika leo, rudia baada ya wiki nne. Wakati wa kutembea yenyewe kipimo ni maongezi, uwe na uwezo wa kuongea na mwenzio lakini kuimba ushindwe. Ukiweza kuimba ongeza mwendo, ukishindwa kuongea punguza. Hicho ndo kiwango cha wastani ambacho Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima wafikishe dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na miongozo yao ya 2020 iliondoa lile sharti la zamani kwamba lazima ziwe dakika kumi kumi mfululizo, kwaiyo hata dakika tano za kwenda sokoni kwa mwendo wa haraka zinahesabika.

Na habari ya hatua 10,000 isimtishe mtu. Hiyo namba ilitokana na biashara, mwaka 1965 kampuni ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, haikutoka hospitali. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake wa Harvard walichapisha hesabu za wanawake 16,741 wenye wastani wa miaka 72, wakakuta waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku vifo vyao vilikuwa chini kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kupanda mpaka kwenye hatua 7,500 hivi ikatulia. Tofauti ya 2,700 na 4,400 ni kama robo saa tu ya kutembea, ni kwenda dukani na kurudi badala ya kumtuma mtoto.

Hapa najua kuna mama anasoma anasema, mwanangu mimi sihitaji kutembea, nafua, nadeki, nachota maji, nauza vitumbua toka saa kumi alfajiri, mazoezi gani tena? Hili swali ni la maana na halijibiwi kwa kubeza. Kuna ushahidi upande wake. Utafiti mmoja uliowavalisha wanawake wazee 5,861 wa Marekani kifaa cha kupima mwendo kiunoni, wastani wa umri karibu 79, ulitoa majibu 2019 kwamba wale waliokuwa na shughuli ndogo ndogo nyingi zaidi, za kutembea tembea ndani, kukunja nguo, kupika, walikuwa na mashambulio ya moyo na vifo vya moyo pungufu kwa asilimia 42 kuliko wale waliokuwa nazo kidogo kabisa. Ni kweli mwenye afya ndo anayeweza kujishughulisha, kwaiyo sehemu ya tofauti hiyo inatokana na afya waliyokuwa nayo tayari, watafiti walijitahidi kulirekebisha hilo ila haliishi lote. Hata hivyo inatosha kusema kazi za mama hazipotei bure.

Lakini tuangalie hizo kazi zenyewe kwa ukweli. Mama wa mjini saivi anakaanga vitumbua amekaa kwenye kigoda, genge lake anauza amekaa, kwenye kikoba amekaa, bodaboda inamchukua mlangoni inamshusha mlangoni. Kuchoka amechoka, hilo halina ubishi, lakini ni uchovu wa mgongo kuinama na wa kichwa kuwaza, moyo wake haujapelekwa mbio hata mara moja toka asubuhi. Mama wa kijijini anayelima na kutembea kilomita kadhaa kwenda shambani huyo sina cha kumwambia kuhusu mwendo, huyo tumwambie kupima presha na kupunguza chumvi. Wa mjini ndo ninayeongea nae.

Kingine tunachokiacha kabisa ni misuli. Ukimwambia mtu mazoezi ya moyo anafikiria kukimbia, ila baada ya estrojeni kushuka misuli inaisha haraka, mifupa nayo, na msuli ndo unaomeza sukari nyingi baada ya kula. Msuli ukiisha sukari inabaki kwenye damu, kisukari kinabisha hodi, na kisukari kwa mwanamke kinaharibu moyo vibaya kuliko hata kwa mwanaume. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema angalau siku mbili kwa wiki ufanye mazoezi ya nguvu. Haitaji vyuma. Kaa kwenye kiti cha plastiki simama bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta. Nyanyua madumu ya lita tatu ya maji mkono huu na huu. Simama kwa vidole huku umeshika meza. Mama wa miaka 60 akifanya haya miezi mitatu utaona anavyoinuka kwenye mkeka.

Kuna jambo wanawake wanaliacha kwa aibu na linawatoa wengi kwenye mazoezi kuliko uvivu. Mkojo. Unaruka unatoka kidogo, unakohoa unatoka, unakimbia hatua kumi unahisi umelowa. Mtu ameingia kwenye kikundi cha jogging kwa furaha, siku ya pili hajarudi, na hatasema kwanini hata kwa dada yake. Baada ya kuzaa watoto wanne na estrojeni kushuka, misuli ya sakafu ya nyonga inalegea, ni kitu cha kawaida kutokea ila sio kitu cha kukivumilia mpaka kufa. Kuna mazoezi yake, yana jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaandika 1948, unakaza ile misuli unayotumia kuzuia mkojo na haja, unahesabu mpaka tano, unaachia taratibu, unarudia mara nyingi kwa siku, hata ukiwa kwenye daladala hakuna anayejua. Yanachukua wiki kadhaa mpaka miezi mitatu kuonyesha kitu. Wakati huo tembea badala ya kukimbia, na kama umeona hapo juu, kwa moyo hujapoteza kitu. Likizidi kuna madaktari wa wanawake na wataalamu wa fiziotherapia, hili linatibika. Walimu wa mazoezi na wao wajifunze kuliuliza kwa staha, ukiona mama hataki kuruka kamba usimfokee mbele za watu.

Sasa niseme upande wa pili nisije nikaonekana nauza mazoezi kama dawa ya kila kitu. Kumbuka kule Dallas presha haikushuka. Tafiti nyingine nyingi zinaonyesha mazoezi yanashusha presha kwa wenye presha ya juu, wastani namba ya juu inashuka tano mpaka nane, ni nzuri ila mwenye 180 bado atabaki juu. Na kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Kerrie Moreau na wenzake, ulitoka 2013, ulionyesha jambo linaloumiza kidogo. Wanawake waliokoma hedhi wakifanya mazoezi ya pumzi bila estrojeni, ule ukuta wa ndani wa mishipa haukupata nafuu, waliopewa estrojeni ndo waliipata. Kwa wanaume wa umri huo mazoezi peke yake huwa yanautengeneza. Yaani mwili wa mwanamke baada ya hedhi haufuati kitabu kilichoandikwa kwa mwili wa mwanaume. Hii haimaanishi asifanye, faida nyingine zote zipo, pumzi, sukari, misuli, usingizi, lakini inamaanisha mama hawezi kusema mimi natembea kwaiyo kolestro na presha sipimi.

Na hapa kwetu hili ni tatizo kweli. Mtu anaanza mazoezi, anajisikia mwepesi, anaacha vidonge vya presha kwasababu amejiona amepona. Presha haina maumivu, hiyo ndo hatari yake. Anakaa miezi miwili safi kabisa, mwezi wa tatu anaanguka bafuni upande mmoja umekufa. Vidonge vinapunguzwa na daktari aliyekupima, sio na wepesi unaousikia mwilini. Kama kabla ya kuanza kifua kinabana ukitembea, au pumzi inakata ukilala chali, au miguu inavimba, anza hospitali, Dar kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili na mikoani hospitali za rufaa zina kliniki. Na ujue dalili za shambulio la moyo kwa mwanamke, kifua kubana ndo kubwa, ila mara nyingi linakuja na vingine, taya, mgongo juu kati ya mabega, kichefuchefu, jasho la baridi, uchovu wa ajabu usio na sababu. Wengi wanadhani ni vidonda vya tumbo wanakunywa dawa za gesi wanalala.

Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu akiwa Makamu wa Rais alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, Zanzibar wana utaratibu wao wa kila Januari mosi, na vikundi vya jogging Dar viko kila mtaa, wikiendi alfajiri utaviona na tisheti zao na nyimbo. Napenda sana vikundi hivyo. Ila angalia waliopo, vijana wengi, wadada wa miaka thelathini, mbele kuna mwenye firimbi anaongeza spidi, na mama wa miaka 58 akiachwa nyuma mita mia mbili peke yake gizani na bodaboda zinapita, hiyo ndo mara ya mwisho kumuona. Kila kikundi kingekuwa na mstari wa pili wa watembeaji na kiongozi wao, tisheti isiwe lazima, raba yoyote, dera au baibui juu ya suruali sio kosa. Hawa wamama walikimbia mchakamchaka shule ya msingi kila asubuhi wakiimba, miili yao inakumbuka, wanachokosa ni mahali ambapo hawaangaliwi kama kituko. Na wale wanaosema mama mtu mzima na raba anatafuta nini, naomba mnyamaze, mnaua watu. Kama kutoka nje haiwezekani kabisa basi kwaito, ile ya kwenye masendofu, nusu saa sebuleni bila kukaa, kipimo cha maongezi kinafanya kazi vile vile.

Pa kuanzia pa serikali mi napaona kwenye kliniki za presha na sukari. Wamama wanafika saa moja asubuhi, wengi wao wameshakoma hedhi, wanakaa kwenye benchi masaa mawili matatu. Wakishapimwa presha, na iwe wakishapimwa maana ukitembea kabla namba inapanda bure, lazima upumzike dakika tano ndo upimwe, basi ule muda wa kusubiri daktari na dirisha la dawa, ambao presha zao ziko salama na hawana dalili, wachukuliwe na mhudumu mmoja wazunguke eneo la hospitali dakika 15, warudi wafanye kaa simama kwenye mabenchi yale yale. Kwenye kadi, pale chini ya uzito, iongezwe sehemu moja, wiki hii umetembea dakika ngapi, na nyingine, unapanda ngazi ngapi bila kusimama. Nesi akiuliza hivyo kila mwezi, na akafurahi namba ya ngazi ikipanda hata kama kilo zimegoma, wamama watarudi na majibu.